Tairi za winta kwa dereva wa app: zinalipa, ila zina vituko vyake

Wakuu, kila baridi ikianza naona swali ni lilelile, eti kama napiga kazi ya app ya kubeba abiria nina haja gani ya kununua tairi za winta wakati gari lilikuja na zake za mwaka mzima na kashata, yaani yale meno ya tairi, bado zipo. Jibu langu fupi: nunua, nunua nne, na usisubiri theluji ianguke ndio uanze kupiga simu gereji. Jibu refu ndio hili hapa chini, maana zina ubaya wake pia na wauzaji hawausemi.

Mimi natumia zile laini zisizo na misumari, zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu nyingi, kwenye gari dogo linalovutwa na tairi za mbele. Kampuni siitaji kwa sababu kinachobeba kazi hapa ni aina ya tairi, nembo inafuata baadaye sana, na tairi za daraja hili zinafanana tabia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mtu mwenye gari lake la kwendea kazini akiamka akakuta nje kumejaa theluji anaweza kupiga simu akasema leo sitoki, sisi ndio kwanza tunaamka maana siku hiyo rikwesti zinamiminika na bei imepanda. Halafu barabara huchagui wewe. Barabara kubwa zinasukumwa theluji na kumwagiwa chumvi mapema, sawa, lakini abiria hakai barabara kubwa, anakaa kichochoro cha tatu ndani, kwenye kimlima, ambako gari la kusukuma theluji halitapita mpaka mchana, na pini, ile alama ya ramani ya kumpakia, imekuganda hapohapo mbele ya mlango wake. Unaingia, unapakia mtu na masanduku mawili, na unatakiwa utoke. Kwa hiyo tairi ya dereva wa app inapigwa mtihani mgumu kuliko ya mtu wa kawaida, na kutwa nzima, siyo asubuhi na jioni tu.

Sasa ubora wake uko wapi. Watu wengi wanaangalia kashata, wanaona tairi ina meno makubwa wanasema hii itavuta. Meno yanasaidia ndio, ila siri kubwa iko kwenye raba yenyewe. Tairi ya kiangazi joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, na kadiri baridi inavyozidi ndio inavyozidi kuwa ngumu kama soli ya kiatu cha zamani, mshiko wake unapungua. Ya winta imechanganywa ibaki laini kwenye baridi. Jaribu mwenyewe asubuhi kabla hujawasha gari, bonyeza kashata kwa kucha, ya winta inabonyea na kurudi, ile nyingine kucha inateleza tu. Halafu angalia kwa karibu utaona kila kipande cha kashata kimechanjwachanjwa mistari myembamba ya mawimbi, hiyo mistari ikikanyaga inafunguka na kung'ata theluji, na kwenye barafu inafyonza kale kafilamu ka maji kanakofanya tairi iteleze. Wafini walianza mambo haya zamani, Nokian walitoa tairi ya winta ya malori mwaka 1934 na ya magari madogo mwaka 1936, kwa hiyo siyo ujanja wa juzi wa kutuuzia vitu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kusimama. Kuondoka ni kitu kidogo, gari lisipoondoka umekwama tu, unapoteza dakika kumi na nyota moja. Lisiposimama ndio kesi. Nina mteremko mmoja kwenye njia zangu unaoishia kwenye taa, na pale chini magari yanasimama na kuondoka siku nzima mpaka theluji inasuguliwa inakuwa kioo. Na tairi za zamani nilikuwa nikigusa breki pale naanza kusikia ile ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi zisigande, inagugumia chini ya mguu, kanyagio linatetemeka, gari linateremka tu taratibu kama halijasikia, abiria nyuma ameacha simu anaangalia mbele. Na hizi za winta pua ya gari inainama kidogo, ABS inagugumia mara moja mbili, gari linatulia nyuma ya mstari. Haisimami kama lami ya kiangazi, hapana, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kinasema kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara kumi ya kawaida, hiyo mara kumi tairi nzuri inaipunguza lakini haiifuti.

Na wenye foo-wili, magari yanayovutwa na tairi zote nne, nao niwaambie, najua mna raha yenu ya kupanda vilima. Foo-wili inasaidia kuondoka. Kwenye breki kila gari lina tairi nne tu na zote zina breki, kwa hiyo gari kubwa la foo-wili lenye tairi ngumu litakupita kwa mbwembwe kwenye mlima halafu utalikuta mtaroni kwenye kona ya kuteremka.

Kuhusu kununua nne, kuna fundi atakushauri uweke mbili tu za mbele kwa sababu gari lako linavutwa na mbele na utaokoa hela. Mkatalie kwa heshima. Ukiweka mbili mbele, mbele inashika na nyuma haishiki, ukikanyaga breki kwenye kona makalio ya gari yanataka kukupita, na abiria wako yuko hukohuko nyuma.

Alama sasa, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Ubavuni mwa tairi utakuta M+S, wengi wanaamini hiyo ndio tairi ya winta. M+S inaelezea tu mpangilio wa kashata na mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, hakuna jaribio lolote lililofanyika. Unayoitaka ni picha ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, hiyo tairi imepimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa ikafaulu. Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiki tena, barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe na mlima. Quebec huko Kanada wao wanakupa tarehe kabisa, Desemba 1 mpaka Machi 15 gari bila tairi za winta ni faini, teksi zimo humohumo. Ila jua kwamba jaribio la mlima ni la theluji, halijapima barafu tupu, ndio maana kuna tairi za mwaka mzima zina mlima na kwenye barafu zinakuangusha. Kwa tairi zinazouzwa Ulaya, lebo mpya iliyoanza Mei 2021 ina picha nyingine ya barafu, ukikaa sehemu zenye barafu nyingi hiyo ndio ya kutafuta.

Halafu soma tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, kwa hiyo 3823 ni wiki ya 38 ya mwaka 2023. Duka moja walinitolea seti imefungwa karatasi safi kabisa inang'aa, nikainama na tochi ya simu nakuta tatu ni za mwaka mmoja na ya nne ni ya zamani kuliko wenzake kwa miaka minne, jamaa ananiambia kaka raba ni raba tu. Raba ya winta kazi yake ni ulaini, na ulaini unaondoka na umri hata kama tairi haijakanyaga barabara. Walinibadilishia baada ya kubishana. Kisha kwenye kufunga moja wakaigeuza, hizi tairi nyingi zina mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, na ikifungwa kinyume mifereji haitoi maji na theluji inavyotakiwa. Kwa hiyo kabla hujaondoka gereji zunguka gari, mishale yote minne ielekee mbele. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 urudi wataiti nati tena, au uzitaiti mwenyewe kama una spana ya kupimia. Hilo usilipuuze hata kama una rikwesti tatu zinasubiri.

Ubaya wake. Hizi tairi laini zinaliwa haraka, na sisi tunatembea kilomita nyingi mno kulinganisha na mtu wa kawaida. Siku kavu zenye jua unazisikia zinavyovuma, na kwenye kona ya kasi usukani unalegea kidogo kama gari linafikiria kwanza. Mvua ya baridi isiyofika kuganda ndio siku yake mbaya, kwenye lami ya majimaji yenye joto kidogo zinachelewa kusimama kuliko tairi ya kawaida, na nchi nyingi winta yake nusu ni mvua ya namna hiyo. Kwa hiyo ukiwa unakaa sehemu ambayo theluji inaonekana mara mbili tatu kwa mwaka inayeyuka mchana, usinifuate mimi, chukua za mwaka mzima zenye alama ya mlima, zitakutosha na huna haja ya kuhifadhi seti ya pili.

Kisheria sehemu nyingi zinaruhusu kashata mpaka milimita 1.6 lakini tairi ya winta ikishuka chini ya 4 imebaki jina tu, ile mistari imeisha na theluji haina pa kuingia. Dereva wa app anaweza kufika hapo mapema sana, kwa hiyo pima katikati ya msimu, usingoje mwisho. Na joto likirudi zitoe mara moja. Wapo wanaosema ngoja nizimalizie kiangazi, unazimaliza kweli, na breki zako nazo zinakuwa za mashaka. Ukiweza tafuta rimu za pili hata zilizotumika, za chuma, ubadilishaji unakuwa wa jeki na spana tu na tairi haivutwivutwi kwenye rimu kila msimu.

Za misumari nimepanda kwenye gari la rafiki. Kwenye barafu tupu hakuna kinachozifikia, ila kelele yake kwenye lami abiria wanauliza kama gari ni bovu, zinachimba barabara, na nchi kama Ujerumani kwa kawaida haziruhusiwi, kwa hiyo kwa kazi za mjini sioni sababu. Cheni weka kwenye buti kama una safari za milimani, zifungwe kwenye tairi zinazovuta, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na ujifunze kuzifunga ukiwa nyumbani mchana, siyo usiku pembeni ya barabara abiria anakuchungulia dirishani.

Upepo. Hili halina gharama na wengi hawalifanyi. Joto likishuka nyuzi 5 au 6 hivi tairi inapoteza kama PSI moja, yaani kile kipimo cha upepo. Ukijaza 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, ukatoka nje kwenye hasi 10, umeshapoteza karibu 5 bila pancha yoyote, na ile taa ya dashibodi inawaka kila asubuhi unaanza kulaumu tairi. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea, jaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Na ile hadithi ya kupunguza upepo ili tairi ishike zaidi, kwa barabara za mjini achana nayo.

Vitu vingine nilivyonunua navitaja harakaharaka. Maji ya kioo ya baridi, yale ya mpaka hasi 20 au hasi 40 kutegemea unakokaa, ni lazima, ya kawaida yanaganda kwenye mipira na lori likikurushia tope la chumvi unakuwa kipofu. Mikeka ya raba yenye kingo ndefu, hii wallahi ndio hela niliyoitumia vizuri kuliko zote baada ya tairi, maana kila abiria anaingia na theluji kwenye viatu, inayeyuka, maji yakilowa kwenye zulia ukungu haukuachi vioo wiki nzima. Ukungu ukikujia usiweke hewa ya kuzunguka ndani, fungulia ya nje na uwashe AC pamoja na hita, AC ndio inayokausha. Holda ya simu ya kunyonya kwenye kioo itupe, baridi inaiachisha na simu inadondoka miguuni katikati ya kona, tafuta ya kubana kwenye tundu la hewa, japo hita nayo inaichemsha simu kwa hiyo funga tundu hilo. Brashi yenye mpini mrefu, usinunue kale kafupi, maana theluji ya juu ya paa nayo inatolewa, ukiiacha siku unakanyaga breki inashuka yote kwenye kioo cha mbele.

Koleo dogo pia, na siyo la kujichimbua tu. Ukiwa umepaki unasubiri rikwesti na hita inawaka, theluji ikirundikana nyuma ikaziba ekzosi, moshi unaingia ndani ya gari na gesi ya sumu iliyomo kwenye ule moshi haina harufu ya kukushtua. Kila ukipaki kwenye theluji shuka uangalie bomba liko wazi.

Wenye magari ya umeme mna hesabu yenu. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari kadhaa mwaka 2019, kwenye hasi 7 na hita imewashwa umbali wa chaji moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 41, kwa hiyo usikubali tripu ndefu ya uwanja wa ndege kwa hesabu za kiangazi. Pasha gari joto likiwa bado kwenye chaja, tumia hita ya kiti badala ya ya hewa ukiwa peke yako. Na ile breki ya kujichaji ukiachia kanyagio la mwendo, ipunguze siku ya barafu, kwa sababu inaweza kuzishika tairi ghafla wakati wewe hata breki hujagusa. Magari haya ni mazito na tairi laini yanazila vilevile.

Sasa kazi yenyewe, maana tairi hazijui kusoma pini. Barafu mbaya siyo ile ya hasi 20, ile imekauka na tairi inapata pa kushika. Mbaya ni ya karibu na sifuri, yenye maji juu, asubuhi baada ya theluji kuyeyuka mchana uliopita. Madaraja yanaganda kwanza kwa sababu baridi inapita juu na chini. Chumvi nayo ikifika kama hasi 9 inachoka, kwa hiyo usiamini barabara kwa sababu tu umeona nyeupe ya chumvi. Pa kupakia napo, usikubali kusimama juu ya rundo la theluji pembeni wala katikati ya mlima eti kwa sababu pini iko pale. Tuma ujumbe mapema, kitu kifupi tu, "nasimama pale kwenye tambarare mbele ya kona, hapo mlangoni pana barafu", wengi wanaelewa na wanatembea. Asiyeelewa akikansel amekansel. Akiingia anakuhimiza, mwambie tutafika lakini mwendo ndio huu, sijawahi kuona anayeendelea kubishana gari likishateleza hata kidogo tu. Na zile bonasi za ukimaliza tripu kadhaa mfululizo, siku ya dhoruba zinawekwa kwa sababu madereva wengine wameshaenda kulala, jiulize wameona nini.

Betri nayo kama ina miaka mingi ipimwe kabla ya msimu, baridi inapunguza nguvu zake wakati injini inataka nguvu zaidi kuwaka, na asubuhi ya hasi 15 ndio utajua.

Nyota natoa nne na nusu kwa tano. Ile nusu nimeikata kwa jinsi zinavyoliwa na kwa siku za mvua. Bima ya gari ulizia pia, baadhi ya sehemu ukigonga bila tairi sahihi kwenye theluji wanaweza kukupunguzia malipo, na wewe unabeba abiria wa kulipa kwa hiyo karatasi zako zinaangaliwa mara mbili. Mwenye maswali ya saizi afungue mlango wa dereva, kibandiko kipo pale, apige picha aende nayo dukani, na aende sasa hivi, maana theluji ya kwanza ikianguka foleni ya gereji inafika barabarani na saizi za magari madogo ndio zinazoisha mapema.